Taarifa Iliyopitia Jikoni

Siku mbili kabla ya kuzima kiwanda, ofisi ya Emori Naisoro hugeuka gulio. Kila msimamizi hufika na tatizo lake kwapani kama kuku wa kuuza, na ukimsikiliza mwenyewe, hakuna kuku mnono kuliko wake.

"Rola zangu zimelika meno," alianza yule wa kinu. "Usiponipa mafundi wanne, Jumatano utakamua miwa kwa magoti."

"Na mimi mnyororo wa kupandishia miwa umekatika mara mbili mwezi huu," alidakia mwenzake. "Malori yamepanga foleni hadi kanisani. Wakulima wananitukania mama yangu, naye kafa zamani, hajui hata kinachoendelea."

Emori aliwasikiliza, kalamu ya risasi ikiwa sikioni. Nyuma yake ulining'inia ubao alioubuni mwenyewe. Kibao chekundu kilikuwa cha kazi isiyongoja, cha njano cha kazi iwezayo kuvumilia, na cha kijani cha kazi itakayongoja, itake isitake. Kiwanda cha sukari cha Navuwai kilizimwa kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Katika saa hizo alikuwa na mafundi wanane, na kazi za kuwatosha mafundi ishirini. Kupanga, kwake yeye, kulikuwa ni kuchagua nani atamchukia wiki hii.

Wasimamizi walipoondoka aliingia Seru, mnyapara wa mafundi. Alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi, na katika visiwa vya Fiji mabinamu wa namna hiyo ni watani. Kusemezana bila kuchokozana ni kama kutangaza kwamba undugu umekufa.

"Mtani, nina ujumbe wako," alisema Seru. "Lakini kwanza nipe kiti. Ujumbe mzito, na mimi sijala."

"Kalia hiyo ndoo."

"Ndivyo mlivyo watu wa kwenu. Babu yako alimkaribisha babu yangu akalie jiwe, kumbe jiwe limetoka motoni."

"Na akalikalia. Ndiyo maana ukoo wenu mzima mnatembea kama bata."

Seru alicheka, akaikalia ndoo. "Haya. Unaisi anasema feni ya boila ya pili haifai. Beringi ya upande wa dohani inachemka. Ukiigusa unaacha ngozi."

"Jana ulisema meneja ametumbukia kwenye tangi la molasi."

"Hiyo ilikuwa jana."

"Na juzi ulisema mke wangu ananikimbia."

"Hiyo bado naingojea."

Wakacheka wote wawili. Emori alichukua kibao cha kijani, akaandika juu yake *Feni, boila 2*, akakitundika chini kabisa ya ubao. Seru alikitazama. Akasimama mlangoni kana kwamba amesahau kofia.

"Lakini feni ni kweli, Emori."

"Nenda, bata wee."

Seru akaenda. Hakujua namna nyingine ya kusema na mtani wake, na kwa umri ule asingeweza kujifunza.

Unaisi mwenyewe alikuwa akifanya kazi hatua chache kutoka pale, kwenye boila ya pili, lakini hangeweza kuingia ofisini. Alikuwa binti wa baba mdogo wa Emori, yaani dada yake, nao walilelewa katika nyumba moja. Walipobalehe waliacha kusemezana, kama inavyowapasa kaka na dada wa kwao. Hawakupeana kitu mkono kwa mkono wala hawakuketi mkeka mmoja. Huo haukuwa ugomvi; ilikuwa heshima, tena kubwa. Unaisi alipofiwa na mumewe, Emori alimleta nyumbani kwake bila kumwuliza, naye akaja bila kushukuru. Mke wa Emori ndiye aliyeyabeba maneno ya pande zote mbili.

Jioni ile mke huyo, Laisani, alirudi kutoka kwenye foleni ya malori na beseni la mihogo ya kuchemsha ambayo kwa kawaida huisha kabla ya saa nane. Alilitua kwa kishindo.

"Hawakununua?" aliuliza Emori.

"Wananunuaje? Wamelala ndani ya malori siku ya tatu, miwa inakauka, inapungua uzito. Mmoja ananiambia, 'Mama, hiyo mihogo mpelekee mumeo, yeye ndiye ana nafasi ya kula.' Mwingine ananiita Bibi Mnyororo. Ndivyo ninavyoitwa barabarani sasa. Bibi Mnyororo!"

"Jumanne nautengeneza."

"Ulisema hivyo mara iliyopita."

Akapakua. Kulikuwa na magimbi, majani yake yaliyopikwa kwa tui, na samaki wa kopo. Emori aliketi mkekani upande wa juu. Unaisi alikuwa nyuma ya pazia, jikoni, akikwangua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Wifi anasema ile feni inachemka," alisema Laisani, akimsogezea mumewe bakuli. "Anasema imeanza kutetemesha hata sakafu."

"Seru ameshaniambia."

"Umeiweka wapi?"

"Laisani, mambo ya kiwandani yabaki kiwandani."

"Atakuambia vipi huko kiwandani? Kwa barua ya posta?"

"Ana msimamizi wake wa zamu. Parmesh akisema ni hatari, naandika hatari."

Sufuria ilinyamaza jikoni. "Laisani," sauti ya Unaisi ilitoka taratibu, "waambie wanaotaka kujua kwamba Parmesh anatazama kipimo, na kipimo kimefungwa mbali na beringi. Kinapima upepo."

Emori alimtazama samaki kana kwamba ndiye aliyesema. "Laisani, mwambie anayesema hivyo kwamba kile kipimo nilikifunga mimi."

"Laisani, waambie kwamba siwezi kubishana na waliokifunga. Ila wasimame pale nusu saa tu."

"Laisani, mwambie—"

"Laisani amekufa!" alipiga kelele Laisani, huku mwiko ukiwa mkononi. "Mimi si waya wa simu! Natukanwa barabarani, narudi nyumbani napitishiwa beringi kichwani. Emori, dada yako anaogopa. Umesikia? Anaogopa. Hajapata kuniambia hivyo tangu nimjue."

Emori aliacha kula. Alimjua Unaisi. Walipokuwa wadogo, yeye ndiye aliyevuka mto uliofurika kumfuata ndama, wakati Emori amebaki ng'ambo analia. Lakini alikumbuka pia msimu uliopita, alipoitanguliza pampu ya maji ya nyumba za wafanyakazi, ambako nusu ya ukoo wake unakaa. Pampu ilikuwa mbovu kweli. Hata hivyo asubuhi alikuta mtu ameandika kwa chaki juu ya ubao wake: *Ndugu Kwanza*. Aliyafuta maneno yale kwa kiganja, na watu walikuwa wakimtazama.

"Nikiitanguliza watasema nampendelea," alisema.

"Na usipoitanguliza?"

Emori akalisukuma bakuli kando. Hata hivyo, usiku ule hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa ameamua. Angekiondoa kile kibao cha kijani na kutundika chekundu. Rola zingepata mafundi wanne, mnyororo wawili, feni wawili. Hesabu ilikuwa imekaa, kwa shida, lakini imekaa.

Hesabu hiyo iliishi hadi meneja alipoingia ofisini. Bwana Hemraj hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa.

"Emori, wageni kutoka makao makuu wanakuja Alhamisi," alisema, macho yakiwa kwenye ubao. "Nyumba ya wageni haina maji ya moto, na kiyoyozi kinanguruma kama nguruwe. Nipe mafundi wawili Jumanne."

"Bwana Hemraj, Jumanne ndiyo siku pekee—"

"Najua Jumanne ni siku gani."

"Kiyoyozi kinaweza kutengenezwa siku yoyote. Boila haiwezi."

"Siku nyingine mafundi wako wanashughulikia yanayoharibika. Wewe mwenyewe umeniambia, umeniandikia hata kurasa tatu." Alitabasamu. "Wale wageni ndio watakaoamua kama mwakani tutakuwa na kiwanda. Unataka waoge maji baridi?"

Emori alijua kwamba jambo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndilo lililomuudhi zaidi. Ukiwatoa wanne wa rola, akabaki na mafundi wawili, na kazi mbili za watu wawili wawili: mnyororo na feni. Mnyororo ulikuwa ubaya uliokwisha kuonekana na kila mtu. Feni ilikuwa hofu ya mtu mmoja. Alikuwa ameshika kibao chekundu mkononi, bado hajaandika kitu, mlango ulipogongwa. Laisani akaingia na chakula ambacho mumewe alikisahau nyumbani.

Angeweka chakula akaondoka, yangekwisha. Lakini alikuwa amepita tena kwenye foleni ya malori, na ameitwa tena Bibi Mnyororo.

"Bwana Meneja, shikamoo. Nisamehe," alisema. "Kwa kuwa umo humu, naomba uyasikie na wewe. Ile feni ya boila ya pili itapasuka, itaua mtu. Wifi yangu yuko chini yake kila siku. Mume wangu ameambiwa, anaona haya. Nimechoka kuyapeleka haya maneno gizani."

Mbali na wao watatu, ofisini mlikuwa na karani, wasimamizi wawili na Seru. 

Bwana Hemraj alimtazama Laisani, akamgeukia Emori taratibu, uso umejaa furaha ya mtu aliyeletewa kichekesho asubuhi. "Emori! Kumbe mipango yetu sasa inapikwa jikoni? Na kiyoyozi nacho mama atakiwekea chumvi?"

Karani na wasimamizi wakacheka. Seru, aliyekuwa dirishani, hakucheka.

Damu ilimpanda Emori hadi masikioni. "Nenda nyumbani," alimwambia mkewe bila kumtazama. Kisha, mbele yao wote, kwa mkono imara kupita kiasi, aliandika *Mnyororo* kwenye kile kibao chekundu na kukitundika juu kabisa. Kibao cha feni akakipandisha hatua moja, kwenye njano, ili asionekane kuwa mkaidi. Jumanne nyingine, alijiambia. Wiki mbili si nyingi.

Jumanne ikaja, ikapita. Rola zilipata meno, mnyororo ukakazwa, na wageni wakaoga maji ya moto, wakaondoka wameridhika. Malori yakaanza kusogea. Barabarani Laisani aliuza mihogo yote, na mkulima mmoja akamwomba radhi kwa mdomo umejaa. Emori alianza kuamini kwamba amepanga vizuri.

Jumatatu iliyofuata, mchana, Unaisi alinusa grisi ikiungua. Sakafu ilikuwa ikitetemeka kiasi cha kuifanya chai iruke kikombeni. Alimwita Parmesh. Parmesh alikuja, akatazama kipimo, akakigonga kwa kucha.

"Kiko sawa, Unaisi."

"Sikiliza."

"Nasikia feni. Feni hupiga kelele. Ndiyo kazi yake."

"Naomba tuizime."

"Katikati ya kukamua? Kwa amri ya nani? Mimi nina watoto."

Parmesh akarudi kula. Unaisi alisimama pale, mkono kinywani. Yaliyomo kichwani mwake hakumwambia mtu, lakini vijana wawili waliokuwa wakisukuma makapi walimwona akipiga hatua kuelekea ngazi, akarudi, akapiga tena, akarudi. Halafu akawafukuza wale vijana kama mtu anavyofukuza kuku. Alipowaona wako mbali, akabonyeza kitufe chekundu.

Feni ikafa, na boila nayo. Mvuke ukashuka, rola zikalegea, zikasimama na miwa mdomoni. Kiwanda chote kilinyamaza, na katika ukimya ule zikaanza honi za malori.

Seru ndiye aliyeifungua feni siku iliyofuata, ilipokwisha kupoa. Mhimili ulikuwa mzima, mapanga mazima, hakuna kilichovunjika. Ile beringi tu ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa ya samawati.

"Nzima," alisema Bwana Hemraj, akiinama kutazama. "Mnaona wenyewe. Nzima! Nimepoteza siku na nusu, juisi yote imechacha, kwa sababu ya chuma chenye joto."

"Bwana, beringi ikiwa samawati imekwisha kufa," alisema Seru. "Bado kuzikwa tu."

"Ina nyufa?"

"Haina."

"Basi ipake grisi, funga, washa kwa nusu mzigo. Agiza nyingine ghalani Suva. Na huyo mama namtaka ofisini Ijumaa."

Huko ndiko kazi ya matengenezo inakomtesa mtu. Feni ikipasuka, kila mmoja ataiona. Isipopasuka, aliyeizuia hana cha kuonyesha.

Kuanzia siku ile Laisani aligoma. Hakuwa na kelele. Aliacha tu kubeba maneno. Emori aliposema, "Mwulize kama amekula," Laisani alikunja nguo. Unaisi aliposema jikoni, "Waambie nitahama kama nawaletea aibu," Laisani alitoka nje kuanua mkeka. Nyumba ikawa na watu watatu na hakuna anayesema. Emori alitaka kujua jambo moja: Unaisi angesema nini siku ya Ijumaa? Alilala akilitaka, akaamka akilitaka, na aliyekuwa nalo alikuwa nyuma ya pazia la maua, umbali wa kutema mate.

Siku ya Alhamisi Bwana Hemraj alimwita.

"Kaa. Nakusaidia, ujue," alisema. "Kanuni yetu inasema hivi: mwendesha mashine aliyetoa taarifa ya hatari, isishughulikiwe, ana ruhusa ya kuizima. Asiyetoa, amezima kiwanda kwa kujitakia, naye anaondoka. Parmesh anasema hakupata taarifa ya hatari, ni malalamiko ya kelele tu. Umebaki wewe. Wewe ulipata?"

Emori alitoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Kama hukupata, mambo yanaishia kwa mtu mmoja. Kama ulipata na ukaikalia..." Meneja aliinua mabega. "Umri wako, Emori. Umeanza na spana, umepanda mpaka kwenye ubao. Hakuna anayependa kushuka ngazi aliyoipanda kwa magoti."

"Kwa maandishi hakuna kitu kilichonifikia," alisema Emori polepole.

"Ndivyo nilivyofikiri. Sema hivyo hivyo kesho."

Ijumaa viti viliwekwa kuizunguka meza. Unaisi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Emori alipoingia, dada yake alisogeza kiti chake hadi karibu na ukuta, ampe nafasi, naye Emori akaketi upande mwingine akitazama dirisha.

"Unaisi," alianza Bwana Hemraj, "ulitoa taarifa ya hatari kabla ya kuzima?"

"Nilitoa."

"Kwa nani?"

"Kwa anayepanga."

"Yaani ulimwambia Emori."

"Siwezi kumwambia."

"Sasa, ulitoa au hukutoa?"

Unaisi alitazama mikono yake. Bwana Hemraj alikuwa mzaliwa wa visiwa vile vile. Mila ile aliijua, kama kila mtu anavyoijua. Aliamua tu kwamba siku ile haijui.

"Nilimpelekea mimi," alisema Seru kutoka mlangoni.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia. Ila nilimwambia pamoja na habari za babu yake na jiwe."

Karani alijikaza, akashindwa, akacheka.

"Kwa hiyo ulikuwa mzaha," alisema meneja.

"Hapana, Bwana. Utani ulikuwa sahani. Chakula kilikuwa feni." Seru alikuwa akitokwa na jasho. Alimtazama binamu yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kumchokoza.

"Emori," alisema Bwana Hemraj, "tumalize. Taarifa ilikufikia?"

Emori alikuwa amejifunza jibu lake usiku kucha. *Kwa maandishi, hakuna.* Maneno matatu, wala si uongo. Aliyaleta hadi mdomoni. Na hapo akamsikia Unaisi, ng'ambo ya meza, akipumua. Alikuwa akipumua kwa uangalifu, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu na anataka tu asiaibike kwa kulia litakapotamkwa.

"Ilinifikia," alisema Emori.

Meneja aliiweka kalamu mezani. "Kwa njia gani?"

"Kwa mke wangu."

"Jikoni?"

"Mkekani, tukila. Na siku ile ofisini, wewe ukiwapo."

"Emori, hiyo si taarifa. Hayo ni maneno ya nyumbani."

"Kwetu, dada yangu akimwambia mke wangu, ameniambia mimi. Hana njia nyingine, na mimi ninayepanga kila kitu humu sikumpangia njia nyingine. Nilisikia. Nilielewa. Nilikuwa na kibao chekundu mkononi, nikakipeleka kwingine kwa sababu mlinicheka."

"Unajua unachokifanya?"

"Najua," alisema Emori. "Labda ndicho kitu pekee nilichokipanga sawasawa mwezi huu."

Unaisi alibaki kwenye boila yake. Emori aliteremshwa kwenye ubao, akarudishwa kwenye spana na mshahara wa spana, na ubao akapewa Seru, aliyeulilia kama mtu aliyepewa maiti kuitunza.

Nyumbani, Laisani alisikia habari yote akiwa amesimama.

"Umesema mbele yao kwamba ni mimi niliyekuambia?"

"Nimesema."

"Na lile paa tulilopanga kulibadili kwa mshahara wako?"

"Paa litavuja mwaka mwingine."

Laisani aliketi, akaficha uso wake kwa khanga. Emori hakujua kama analia au anacheka, akaogopa kuuliza. "Ungeyasema siku ile, Emori," alisema baadaye. "Yangekuwa yale yale, na paa tungelipata." Kisha akainuka, akampakulia.

Beringi mpya ilifika kutoka Suva Jumatatu jioni, na Jumanne feni ilikuwa kazi ya kwanza. Seru alimpa Emori na fundi mwingine mmoja. Kabla jua halijapanda, mnyororo wa miwa ulikatika tena ukijaribiwa. Seru alikuja mbio, akamchukua yule fundi mwingine bila hata kumtukana Emori, akapotea naye.

Ili kubadili beringi ile, ni lazima mtu aingie tumboni mwa feni, katikati ya mapanga, aegemeze mhimili kwa magogo. Utaratibu wake hauna mzaha. Swichi inafungwa kwa kufuli, ufunguo anaushika mwendesha mashine, na anayeingia ni lazima amwulize kwa sauti yake mwenyewe, naye amjibu kwa sauti yake. Neno la mtu wa tatu halikubaliwi. Watu wamewahi kusagwa kwa neno la mtu wa tatu.

Emori alisimama kwenye mlango mdogo wa chuma. Unaisi alikuwa kwenye swichi, amempa mgongo. Emori alitazama huku na huku, akitafuta wa kumbebea swali. Hapakuwa na mtu. Mbali, kwenye mnyororo, Seru na meneja walikuwa wakigombana, na jua lilikuwa likienda.

Aliingiza mguu mmoja. Ndani kulinuka masizi na chuma baridi. Aliuangalia ule mguu mwingine uliobaki nje.

"Swichi imefungwa?" aliuliza, akiielekea feni.

Hakujibiwa. Alikuwa ameiuliza feni.

Akafuta jasho kwa mkono wa shati. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomsemesha, akakumbuka mto tu, na ndama, na jinsi alivyoliita lile jina akiwa ng'ambo.

"Unaisi," alisema. "Swichi imefungwa?"

Mgongo wa Unaisi ulishtuka. Hakugeuka. Emori akadhani amemkosea kosa jingine, la kuongezea yale ya kwanza.

"Imefungwa, kaka," alisema Unaisi. "Ufunguo ninao mimi."

Emori akaingiza mguu wa pili.